Tabu, Raha na Kinanda cha Mkaa

Vitabu vile vilinuka dizeli. Nadhani vilipotoka kwao Japani vilinuka kitu kingine, maana ukifunua katikati kabisa, pale kurasa zinaposhikana kwa gundi, ukaingiza pua, ulipata harufu ya mbali, kama sabuni iliyofunikwa na majani makavu ya chai. Lakini vilikaa ndani ya kibanda cha pampu, juu ya kreti la spana, jirani na pipa la mafuta, na dizeli haina adabu, huingia popote bila hodi. Mpaka leo nikipita kwenye kituo cha mafuta pale Korogwe, wenzangu wakaziba pua, mimi huvuta pumzi polepole kama mtu anayeonja chumvi, na mabinti wawili hunijia machoni: mmoja ana utepe kichwani, mwingine ana nywele zilizokatwa vibaya.

Kijiji chetu kilikuwa kichanga kuliko mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nacho hakijatimiza miwili. Kabla ya hapo tuliishi porini, nusu siku kwa miguu kutoka Misima, kila ukoo na makazi yake, mpaka siasa ya Ujamaa ilipotukusanya na kutupanga kwenye mistari iliyonyooka, mlango ukitazama mlango. Bibi yangu mzaa baba hakuipenda ile mistari. Alisema kwa Kizigua kwamba watu si mahindi. Lakini hata yeye alinyamaza tulipoahidiwa maji. Kwetu Handeni mvua huja kwa kubembelezwa, na kina mama walikuwa wakitoka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa korongo ili wapate ndoo moja ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Basi kilipochimbwa kisima kirefu, kikajengwa kibanda cha bati na ndani yake ikasimikwa mashine, habari ya mistari ilisahaulika. Baba yangu, Mzee Salimu, alichaguliwa na mkutano wa kijiji kuwa mwangalizi wa mashine ile, ingawa hakuwahi kushika spana maishani mwake. Mashine ilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi ikakohoa, ikanyamaza.

Ndipo akaletwa Bwana Sato. Alikuwa kijana mwembamba wa Kijapani, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa isianguke anapoinamia injini. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za vijiji vipya, na kwa kuwa kijiji chetu kilikuwa katikati ya vingine, alipewa chumba karibu na kibanda, akafanya hapo kuwa kituo chake. Kiswahili chake alikipata kitabuni, kwa hiyo kilikuwa safi kuliko chetu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mbuzi aliyelala njiani, "Samahani, naomba nipite." Mwalimu wetu, Mwalimu Masanja, ambaye alitoka Mwanza, alipolisikia jina la mgeni alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwetu sato ni samaki," akatueleza, "tena mtamu." Bwana Sato alipofafanuliwa naye akacheka, akavua miwani akafuta machozi, na tangu siku hiyo kila alipojitambulisha kwa mtu mpya alisema, "Naitwa Sato, lakini naomba msinikaange."

Mimi ndiye niliyempelekea Baba chakula cha mchana pale kibandani, na siku moja nilipokuwa nikisubiri bakuli nikakiona kitabu juu ya kreti. Vitabu nilivyovijua wakati huo vilikuwa viwili tu: kitabu cha kusomea cha shuleni, chenye picha ya jembe, na juzuu yangu ya chuo cha Kurani, isiyo na picha kabisa. Hiki kilikuwa picha tupu. Kila ukurasa uligawanywa vyumba vyumba kama nyumba ya kupanga, na ndani ya kila chumba mlikuwa na watu wenye macho makubwa kama ya swala, na ndani ya macho mna nyota. Maua yalikuwa yakianguka juu ya vichwa vyao bila mti wowote kuwapo. Bwana Sato aliponiona nimeduwaa aliona haya kidogo. Akaeleza kwamba aliwaandikia ndugu zake wamletee kitu cha kusoma, na mdogo wake wa kike, aliyekuwa amemkasirikia kwa kuondoka nyumbani, akampakilia vitabu vyake yeye mwenyewe pamoja na sabuni, ili amwadhibu. "Ni vitabu vya wasichana," akasema. "Mimi nimesoma vyote mara nne." Vilikuwa sita, vya hadithi moja inayoendelea. Akanipa cha kwanza nikakitazame nyumbani, akanipa kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto.

Sikukitazama nyumbani. Nilikificha ndani ya kanga nikaenda nacho shuleni, na kabla ya mapumziko kwisha darasa zima lilikuwa limenizunguka. Mwalimu Masanja akakinyang'anya. Tulidhani kimekwenda, lakini alisimama nacho mlangoni akifunua, akifunua tena, kisha akarudi, akakaa juu ya meza, akaanza kutuonyesha ukurasa mmoja mmoja na kutueleza anachokiona. Ilikuwa hadithi ya ajabu mno. Ilianza na msiba: binti mwenye nywele fupi analia mbele ya picha ya mama yake. Kurasa chache mbele, yule mama yuko kitandani, mgonjwa. Mbele kidogo amepata nafuu, anauza samaki sokoni. Binti aliyeanza na viatu akamaliza peku, na mwishoni kabisa akawa mdogo kuliko alivyoanza. "Hawa wenzetu," Mwalimu Masanja akasema, akijikuna kidevu, "inaonekana wana imani ya mtu kufufuka na kurudi utotoni." Tuliamini. Nilikwenda nyumbani nikamweleza Bibi, naye akasema nchi ya namna hiyo angependa kuiona, maana magoti yake yangefaidi.

Siku ya tatu nilikuwa chuoni, nimeketi mkekani pamoja na wenzangu, Maalim Athumani akituzungukia na ufito wake. Akasema, "Fungueni juzuu." Mkono wangu ukaenda wenyewe upande wa kulia, kama ulivyozoea tangu nina miaka mitano, na hapo hapo ukakwama. Sikusoma neno siku hiyo. Nilikula ufito mara mbili, na tulipofunguliwa nilikimbia moja kwa moja hadi nyumbani, nikakichukua kitabu cha Bwana Sato nikakifungua kwa nyuma, kutoka kulia. Mama alikuwa mzima, akiuza samaki. Binti alikuwa mdogo, peku. Kisha mama akaugua. Kisha akafa. Nilikaa chini nikalia kwa ajili ya mwanamke niliyekuwa nimemcheka siku tatu. Nilimpelekea Mwalimu Masanja habari hizo kwa woga, maana si rahisi kumwambia mwalimu kwamba amesoma kinyume. Alifungua, akatazama muda mrefu, akasema, "Kuuliza si ujinga, Mwajabu, lakini mimi hata sikuuliza." Wapo walionishtaki kwa Maalim kwamba nafananisha juzuu na vikaragosi. Maalim akataka kukiona kitabu. Alikipekua mwenyewe kutoka kulia, akapitiliza kipindi cha alasiri, na aliponirudishia alisema tu kwamba wale mabinti wangefunika vichwa.

Hadithi ikawa yetu. Binti mwenye shida tulimwita Tabu. Mwenye utepe, aliyeishi nyumba ya ghorofa na baba mwenye sharubu, tulimwita Raha. Lakini kuna kitu kimoja hakuna aliyekijua. Karibu kila ukurasa palikuwa na dude kubwa jeusi lenye miguu mitatu na kifuniko kilichoinuliwa kama mdomo wa kiboko, na mabinti wale walikaa mbele yake wakiligusa kwa vidole, jasho likiwatoka na maua yakianguka. Wengine walisema ni meza ya kukatia nguo. Wengine walisema ni jeneza la mama. Baba, aliyekuwa sasa fundi nusu, alisema bila shaka ni aina ya mashine, maana mtu hawezi kutoka jasho kwa meza. Nilikuwa nimekwisha jipanga kumuuliza Bwana Sato, lakini alikuwa amekwenda kijiji kingine wiki nzima, na kabla hajarudi akafika Naomi.

Naomi alikuwa binti wa bwana shamba mpya aliyehamishiwa kwetu kutoka Vugiri, huko juu milimani kwa Wasambaa, na aliwekwa dawati moja na mimi. Alikuja na sweta, akalivaa siku mbili katika joto letu kabla ya kukubali kulivua. Nilimwonyesha kitabu ili nimwone akihangaika kama sisi. Hakuhangaika hata kidogo. "Hicho ni kinanda," akasema. "Kanisani kwetu kipo kidogo, cha kukanyaga kwa miguu. Babu yangu ndiye anayekipiga." Nikamuuliza kinaliaje. Naomi alifikiri. Akasema ni kama watu wengi wanaoimba 'aaa' ndani ya pango, halafu akatikisa kichwa, hakuridhika, akasema hawezi kunieleza mpaka nisikie. Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Sikuwahi kutamani kitu nisichokijua. Mtu hutamani nyama kwa sababu aliwahi kuionja. Mimi nilitamani sauti ambayo sikuwa na hata punje yake masikioni.

Katika kitabu cha pili Tabu, ambaye kwao hawakuwa na kinanda, alichora vibonye juu ya meza ya samaki akajifunza hapo. Nasi tukachora. Nyuma ya kibanda cha pampu palikuwa na benchi refu la mbao, na Naomi akalichora kwa mkaa: mistari ya vibonye vyeupe, na vile vyeusi vimesimama kwa makundi ya viwili na vitatu. Alijua majina ya sauti kwa sababu kwao waliimba kwaya: do, re, mi, fa, so, la, ti. Tukabuni mchezo. Mimi niliweka kidole kwenye kibonye cha mkaa, naye akiwa amesimama nyuma yangu akaimba sauti ya kibonye hicho. Nikigusa mbili, zinakuja mbili. Nikienda mbio, naye anakwenda mbio. Tulichagua wimbo ambao Bibi alitumia kubembelezea watoto kwa Kizigua, na baada ya wiki kadhaa niliupiga wote, mwanzo hadi mwisho, bila kosa. Kina mama waliokuja kuchota maji walisimama na ndoo zao wakatusikiliza. Mmoja akasema, "Huyu mtoto wa Salimu ana vidole." Nilitembea na sentensi ile kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Tulisoma vitabu vyote sita, tukavisoma tena. Maneno hatukuyajua, kwa hiyo ukurasa mmoja uliweza kutuchukua wiki. Kwa nini Raha ametazama dirishani? Barua ile imetoka kwa nani? Tuligawanyika. Mimi nilikuwa wa Tabu damu na roho. Naomi, kwa mshangao wangu, alikuwa wa Raha. Alisema watu wanamchukia Raha kwa sababu ya utepe, lakini ukimtazama vizuri hana hata rafiki mmoja wa kumwambia ukweli, wote wanampigia makofi. Mimi nilisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kitabu cha sita kiliishia kwenye mashindano makubwa, Tabu amesimama nyuma ya pazia, mkono wake umefungwa kitambaa, na Raha yuko jukwaani anainama kuwasalimu watu. Hapo basi. Cha saba kilikuwa hakijatoka. Tulimwuliza Bwana Sato nani atashinda, naye akasema hajui, na kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi kuliko mbu.

Yeye ndiye aliyetuambia habari za Mazinde. Kulikuwa na shamba la mkonge huko ambalo zamani lilikuwa la wazungu na sasa ni la umma, na alipokwenda kutazama jenereta yao aliona kinanda, cha kweli, katika nyumba iliyokuwa klabu ya mameneja. Alikuwa na kazi ya kurudi huko Jumamosi, na Baba alitakiwa Korogwe kuchukua vipuri. Baba wa Naomi akatoa ruhusa. Tukapanda Landrova asubuhi, Naomi na mimi nyuma, katikati ya mipira ya injini. Njia nzima nilifanya mazoezi juu ya magoti yangu. Tulipopita Korogwe na kushika njia ya Mombo, milima ya Usambara ikawa upande wa kulia, ya bluu, na upande wa kushoto mkonge, mistari na mistari, imenyooka kuliko hata kijiji chetu. Hewa ilinuka uchachu wa majani yaliyokamuliwa. Naomi alininong'oneza, "Usiogope kikilia kwa nguvu." Nikamwambia siogopi kitu.

Ile klabu ilikuwa imejaa marobota ya singa za mkonge hadi dirishani. Kinanda kilikuwa pembeni, si cha miguu mitatu, bali cha kusimama kama kabati, na kuku alikuwa ametagia chini yake. Mlinzi, mzee mmoja mwenye koti la jeshi, akatufungulia kifuniko akapangusa vumbi kwa kiganja, na pale kiganja kilipopita kinanda kikalia chenyewe. Nywele zilinisimama. Haikuwa kama watu wanaoimba pangoni. Ilikuwa kama maji yanayodondoka kwenye mtungi, lakini kila tone na rangi yake. Bwana Sato akanivutia sanduku nikae. "Tafadhali, Mwajabu," akasema. "Wewe ndiye bingwa." Baba alisimama nyuma yangu amevua kofia.

Nikaweka vidole kama nilivyoviweka mara mia kwenye benchi. Kilichotoka hakikuwa wimbo wa Bibi. Hakikuwa wimbo wa mtu yeyote. Nikaanza upya, polepole, na mambo yakawa mabaya zaidi. Vidole vilikwenda kulekule vilikozoea na sauti zikaja zimetawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Nikasema kinanda kimeharibika, kimeliwa na mchwa. Mlinzi akasema vibonye vitatu tu ndivyo vilivyokufa. Bwana Sato, akidhani ananisaidia, akamwomba Naomi ajaribu. Naomi alikataa, akakataa tena, kisha Baba akamwambia, "Jaribu, mwanangu, tumetoka mbali." Akakaa. Akaupiga wimbo wa Bibi kwa mikono miwili, wote, akiruka vibonye vilivyokufa kama mtu anayeruka madimbwi. Baba alifumba macho. Na mimi, nikiwa nimesimama kando, nikaelewa. Sikuwahi kuupiga wimbo ule hata siku moja. Miezi yote ile Naomi hakuwa akiimba kibonye nilichokigusa. Alikuwa akiimba kile nilichopaswa kukigusa.

Sikumsemesha njiani. Tulipofika Korogwe Bwana Sato alitununulia machungwa, langu nikalitupa. Tulipokaribia kijijini Naomi akasema kwa sauti ndogo, "Mwajabu, ulikuwa unafurahi." Nikamjibu, "Ulikuwa unanicheka." "Sikukucheka." "Ulikuwa unajua kupiga, ukanyamaza ukanicheka." Baba aligeuka kutoka kiti cha mbele akatuambia tuache, na tukaacha. Kesho yake nililifuta benchi kwa maji na majivu mpaka mbao zikawa nyeupe. Niliomba kuhamishwa dawati. Kila nilipofikiria kina mama wale na ndoo zao, na sentensi ile kuhusu vidole, nilisikia joto likinipanda shingoni. Hasira, wazee wetu walisema, ni hasara, lakini hakuna aliyeniambia kwamba hasara yenyewe hulipwa na watu wawili.

Mwisho wa mwaka baba yake Naomi alihamishwa kurudi kwao. Nilijificha nyuma ya ghala la kijiji wakati lori lao linapakiwa. Nilimwona akitazama huku na huku, sweta mkononi, kisha akapanda. Miezi miwili baadaye Bwana Sato naye akamaliza muda wake. Pampu zilikuwa zinafanya kazi, na Baba aliweza sasa kufungua injini nzima na kuifunga tena bila kubakiza skrubu. Bwana Sato aliniachia vile vitabu sita, akaandika jina langu na la Naomi katika daftari lake, akaahidi kutuletea cha saba. Sikuwa na uso wa kumwambia alifute la Naomi.

Kilikuja baada ya muda mrefu, nikiwa darasa la saba. Kifurushi kilifika shuleni, kimeandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka: Mwajabu na Naomi. Mwalimu Masanja alikikabidhi akisema, "Nusu tu ni yako." Nilikusudia kwa dhati kukipeleka Vugiri bila kukifungua. Nilidumu mpaka nikafika kwenye kichaka cha kwanza. Nilikisoma nimesimama, nikapitisha vidole juu ya kurasa kama kipofu. Raha alishinda. Hakukuwa na mashaka. Alipewa kikombe, na utepe wake ulikuwa umefunguka na hakujali. Tabu alipiga kwa mkono ule uliofungwa, akakosea, akaendelea, akamaliza, akainama. Halafu nje, kwenye ngazi, Raha akamfuata na kikombe chake akamwambia maneno marefu. Sikuyajua yale maneno, lakini niliuona uso wa Tabu akiyapokea: kwanza hasira, kisha mshangao, kisha kitu kingine ambacho mchoraji alikichora kwa mstari mmoja tu chini ya jicho. Niliutazama ule mstari mpaka jua likanihama. Nikakumbuka maneno ya Naomi juu ya mtu ambaye wote wanampigia makofi na hana wa kumwambia ukweli. Nilidhani alikuwa akimsema Raha tu.

Nilimsumbua Baba mpaka likizo. Tulikwenda kwa basi hadi Korogwe, tukalala kwa jamaa yetu, asubuhi tukapata lori la kupanda milimani. Sikuwahi kuona ukungu. Nilifikiri ni moshi nikauliza ni nani anayechoma misitu. Vugiri kulikuwa na baridi ya kuuma meno, migomba iliyolowa na harufu ya hiliki. Tulimkuta Naomi uani kwao anapukuchua mahindi. Alikuwa amerefuka. Alimwamkia Baba shikamoo, akaniangalia mimi, akasubiri. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ndani ya lori, yote ikayeyuka. Nikamnyooshea kitabu. "Raha ameshinda," nikasema.

"Umeshakisoma," akasema Naomi.

"Nilishindwa kujizuia."

"Na umepanda mlima wote huu kuja kuniambia kwamba wangu ndiye aliyeshinda?"

"Nimekuja kukuomba unifundishe. Ukweli ukweli. Nikikosea useme nimekosea."

Alijipangusa mikono, akakichukua kitabu, akakifungua kutoka kulia akatazama ukurasa wa kwanza tu, akakifunga. Akaingia ndani kumwomba babu yake ufunguo wa kanisa. Baba alibaki uani na wenyeji akinywa chai. Aliniambia baadaye kwamba alijiuliza kidogo kama ni sawa, kisha akasema moyoni kwamba mtoto aliyepanda lori kwa ajili ya kupatana na mwenzake hawezi kuzuiwa mlangoni. Ndani ya kanisa mlikuwa na giza la asubuhi na harufu ya nta. Kinanda kilikuwa kidogo, cha kukanyaga, na Naomi alikikanyaga kwa miguu yake ili mimi nishughulike na vidole tu. Nikagusa kibonye cha kwanza. "Siyo hapo," akasema. Nikagusa kingine. "Siyo." Nikaona machozi yanataka kuja, nikayameza. Nikasogeza kidole. "Siyo. Kushoto. Hapo." Tulikaa hivyo mpaka adhuhuri. Nilijifunza sauti tano za kwanza za wimbo wa Bibi, tano tu, na zote zilikuwa zangu.

Sikuwa mpiga kinanda. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na kitu, Handeni hiihii, na nadhani nilifundisha vizuri zaidi kwa sababu ya ile 'siyo' ya Vugiri, ambayo nilijitahidi kuisema kwa watoto wa watu kama nilivyosemewa. Naomi alisomea uuguzi. Amestaafu, anaishi Korogwe, na huzungumza nami kwenye simu kila Ijumaa kuhusu magoti yetu. Wimbo wa Bibi hakuna anayeuimba tena kwetu isipokuwa sisi wawili, naye ni Msambaa.

Mwaka jana mjukuu wangu alikuja kwa likizo kutoka Dar es Salaam. Ana miaka kumi na miwili. Nilimkuta barazani anasoma kwenye simu hadithi ya vikaragosi ya Kijapani, kurasa zikipita chini ya kidole chake kama mbegu zinazomwagwa, maneno yote yamekwisha kutafsiriwa. Na alipofika mahali mtu anapiga kinanda, aligusa pembeni akautafuta wimbo wenyewe, ukaanza kulia palepale, safi, bila kibonye kilichokufa. Alimaliza kitabu kizima kabla chai haijapoa. Nikamsimulia vya kwangu. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza, "Kwa hiyo, Bibi, mlikaa mwaka mzima na vitabu sita, na hamkujua hata neno moja walilosema?" Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza yule binti wa kwenye hadithi yake alivaa nini alipokuwa akilia. Akafikiri. Hakukumbuka. Alinitazama kwa huruma, nami nikamtazama kwa huruma vilevile, tukaendelea kunywa chai.